Siku Niliyofagia Ushahidi

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo na kunipa pumzi ya kusimulia hata aibu yangu, maana ni mwema, na subira yake kwangu ni ndefu kuliko mvua za huku kwetu.

Aibu yenyewe ni hii: mimi, katekista mstaafu, niliyewafundisha nusu ya watu wa kigango chetu hapa nje ya Makambako Amri Kumi za Mungu (ikiwemo ile ya saba, Usiibe), nilisimama bila viatu mbele yao huku polisi wakipima nyayo zangu.

Mjukuu wangu Skolastika, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, anasomea mambo ya uhalifu na upelelezi chuoni. Wakati huo alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha polisi, na bila Inspekta aliyemsimamia kuridhika naye hawezi kuhitimu. Mtoto huyu tangu darasa la nne hakutaka kazi nyingine, na mimi kila jioni katika rozari nilikuwa nikimwombea hiyo hiyo.

Basi asubuhi moja ya ukungu tukakuta dirisha la stoo ya kanisa limevunjwa na spika, zile tulizozinunua kwa viazi vya waumini, hazipo. Skolastika akaja na askari mmoja, wakazungusha utepe, wakasema wataalamu wanatoka Njombe na kitu kisiguswe. Mara yule askari akaitwa kwenye ajali ya lori barabara kuu, Skolastika akabaki peke yake, halafu dereva wa Njombe akapiga simu kwamba amepotea kwenye mashamba ya miti, na mtandao ukakatika kabla hajaelekezwa. Ikabidi mtoto akimbie barabarani kuwapokea.

Akanishika bega. "Babu, asiingie mtu. Hata wewe."

Nikamwambia, "Nenda, bibi yangu. Kanisa hili nimelilinda kabla hujazaliwa."

Hakuwa amefika mbali alipotokea Mama Vitus, mjane, anajikongoja na fimbo yake kwenye manyunyu. Sasa, huku kwetu aliyepatwa na jambo haachwi peke yake, na pole haitolewi kwa mbali kama unamwita mbuzi, unaingia ndani uone palipoumia. Mama Vitus alikuwa amepanda kilima kizima kwa ajili ya pole hiyo. Nikainua utepe.

Ukishamwinulia mmoja, wa pili utamwambia nini? Wakaja wanakwaya, wakaja wazee wa jumuiya, wote na mabuti ya mvua yenye tope, wakinisalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, Mwalimu, pole", stoo ikajaa, na kwa kuwa tumeshakusanyika nikaona si vyema tukae bila sala, tukapiga magoti pale pale chini ya dirisha lililovunjwa. Tulipomaliza Mama Vitus akatazama sakafu. "Mwalimu, wageni wa Njombe wakute hali hii? Si watasema hatukulelewa?"

Nami nilikulia misheni, ambako mgeni kukuta vumbi ilikuwa karibu sawa na dhambi. Walitaka kunipokea ufagio nikakataa (kiongozi ni mtumishi, nilikuwa nikiwafundisha hivyo), nikafagia, nikapiga deki, nikafuta fremu ya dirisha kwa kitambaa cha maji, na vile vipande vya kioo nikavitumbukiza chooni watoto wasije wakajikata. Kisha tukajipanga mlangoni.

Gari lilipofika, yule Inspekta msimamizi wa Skolastika akashuka pamoja na wataalamu, akaniamkia kwa adabu, akachungulia ndani. Akauliza nani amesafisha. Nikainua mkono nikiwa bado, Mungu anisamehe, natarajia shukrani.

Skolastika alitazama ule utepe uliolala kwenye tope, wala hakunitazama mimi. Inspekta akamwambia kwa sauti ya chini, "Nilikukabidhi mlango mmoja tu." Kisha akaagiza kila aliyeingia avue viatu, alama zetu zipate kutengwa na za mwizi, kama bado zipo. Mimi nikaanza. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikatoka chote, na kijana mmoja wa kwaya, niliyemwandalia kipaimara mwenyewe, akasema taratibu, "Mwalimu naye mshukiwa," watu wakameza vicheko.

Alama za vidole Skolastika aliamriwa azichukue yeye. Akanishika kidole kimoja kimoja, akakipaka wino, kama nilivyokuwa nikimshika mimi alipokuwa mdogo nikimfundisha ishara ya msalaba. Nikakaza vidole kama bado nimeshika ufagio.

"Legeza, Babu," akasema. Kisha akakipaka wino kidole kilichofuata.

Alirudishwa chuoni mafunzo yakiwa hayajaisha. Nilikwenda kumwambia Inspekta kosa ni langu, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, mlinzi alimchagua yeye." Spika hazikupatikana, na ruhusa ya kurudia mafunzo bado haijatoka. Skolastika yuko nyumbani, ananipikia uji, ananiamkia kila asubuhi, na anafagia uwanja kabla sijagusa ufagio. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Nimeweka nadhiri: nikiambiwa tena nisimruhusu mtu, nitamkosea adabu hata Mama Vitus. Nawe unayesoma, Mungu akulindie nyumba yako na wanao, na siku utakapohitaji mlinzi, akupe anayeweza kusema hapana.