Nyayo Kumi na Moja

Miaka ya vita nilikuwa nikiuza mayai huku Timbwani. Nyumba ya bwana mmoja wa Kizungu ilikaa juu ya mwamba, mlango wake mmoja tu. Nyuma ni maji. Asubuhi ile nilimkuta mpishi wake, jirani yangu, hajafagia uwanja. Juu ya mistari ya ufagio wa jana jioni palikuwa na nyayo za viatu. Kumi na moja za kuingia. Za kutoka, hakuna. Nikahesabu tena.

"Bwana ana mgeni?"

"Mgeni gani? Kalala peke yake. Lete mayai, dada, na leo usinipunje."

Akafagia uwanja wote, kama kila alfajiri. Hatujamaliza kuvutana bei pale kizingitini, mlango ukafunguliwa kwa ndani. Akatoka Mzungu, rafiki wa bwana, akipiga kelele: bwana kauawa, na yeye ndiyo kwanza afika. Nikatazama uwanja. Mistari mipya ilikuwa mizima. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mpishi akatiwa pingu. Inspekta alisema, askari akatafsiri: amefagia ili afute nyayo zake.

"Nani afagiaye alfajiri?" askari akauliza.

"Likoni nzima, afande," nikamjibu.

Nikawaeleza zile nyayo za viatu. Askari akauliza kwa nini nilihesabu mara mbili.

"Ya kwanza yangu, ya pili ya mnunuzi."

Inspekta hakuandika neno. Yeye alishika chemni, kile kioo cha taa, iliyokutwa kando ya maiti, ina alama ya gumba la masizi. Mpishi, dobi, mkata nyasi, hata mimi, tukapakwa wino vidole vyote kumi. Gumba likifanana na la mpishi, ananyongwa. Halikufanana na la yeyote. Baada ya siku tisa akaachiwa, mashavu yameingia ndani.

"Na yule rafiki?" nikamuuliza askari.

"Mama, wino ule haupaki Wazungu."

Rafiki akahamia nyumba ile ile, akawa mteja wangu. Huchagua yai moja moja, asilolitaka hulirudisha. Siku moja alikuwa ametoka kusafisha taa. Yai alilorudisha likabaki na gumba la masizi, kila mstari waonekana. Nikalifunga kitambaani, nikalipeleka kituoni.

Askari alilitazama sana, kisha akatazama mlango.

"Mpishi yuko nje, mama. Faili likifunguliwa tena, atakayerudi ndani si mwenye kidole hiki."

Nikalichukua yai langu. Njiani nikalifuta kwa pindo la leso. Mara mbili.