Sungura Mwenye Moyo Mkubwa

Mama yangu alikuwa na sungura jike, mweupe, wa miaka minane, aliyeachiwa na wajukuu walipohamia mjini. Hapa Ilongero kila aliyepita uani aliuliza kitoweo kile kinasubiri nini. Mama alikuwa na jibu moja: "Chinjeni bibi zenu kwanza."

Mwaka jana, baada ya kuvuna alizeti, sungura akaanza kuhema. Alikuwa akivuka ua kufuata majani, anasimama katikati, mbavu zinapanda na kushuka, pua kaielekeza juu. Mama akasema ni joto. Mimi nikasema ni uzee tu. Tulibishana wiki nzima, maana sisi wawili kukubaliana hatujui.

Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe wa jirani, nikamvuta kwetu. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akamwona mgonjwa mwenyewe, akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, umeniitia sungura?"

Lakini alipiga magoti, akaweka kipimo chake mbavuni, na kicheko kikaisha. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Mama, huyu ana moyo mkubwa."

Mama akatabasamu. "Najua, mwanangu. Hajawahi kumng'ata mtoto hata siku moja."

Masikini, alidhani anasifiwa! Bwana mifugo akamweleza taratibu kwamba moyo wenyewe ndio umetanuka na kuchoka, hausukumi damu vizuri, maji yanajaa mapafuni. Ndiyo maana anahema, ndiyo maana akijilaza hapati usingizi. Asikimbizwe, asiachwe juani, chakula kiwe karibu. Kupona tusitegemee.

"Akijilaza hapati usingizi," mama akarudia.

Nikaitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, kanda za ndala zimeacha mifereji. Na kitandani mwake kulikuwa na mito mitatu, niliyoipanga mwenyewe kila asubuhi bila kuuliza. Sungura nimemtafutia mganga, mama yangu nimemwachia mito! Nilijichukia siku ile, na bado sijajisamehe sana.

"Kesho tunakwenda hospitali," nikasema.

"Ya nini? Ni uzee tu."

Maneno yangu mwenyewe.

Wiki tatu nilimsihi, nikafoka, nikanuna. Hakusikia. Alimkatia sungura majani laini, akamhamishia kivulini, akamsogezea maji mdomoni. Kumbe maagizo yote aliyashika, ila kwa mgonjwa mmoja tu.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa mkekani, sungura mapajani, ameshapoa. Nilimpa pole. Nikachimba shimo kando ya mtama, naye akataka kuweka udongo kwa mkono wake. Aliinama, akashindwa kuinuka. Akanishika bega, akihema, pua kaielekeza juu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Tulisubiri mpaka pumzi ikarudi.

"Ita bodaboda," akasema. "Mwambie aende polepole. Abiria wake ana moyo mkubwa."