Turbo na Shikamoo

Gari langu la kwanza lilikuwa na neno TURBO limebandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu, na neno hilo ndilo lililoniponza. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi, na mtu wa ofisini kama mimi, aliyezoea kuona gari ni mali ya serikali au ya tajiri, aliweza kwenda kujichagulia lake. Nililiona, nikasoma yale maandishi, nikalipenda. Mume wangu, mwalimu wa fizikia ambaye hata baiskeli ilimshinda, aliuliza swali moja tu.

"Linatumia dizeli?"

Nikamwambia ndiyo. Dizeli ilikuwa nafuu kuliko petroli, akaridhika.

Injini yenyewe ilikuwa ya silinda nne, lita mbili na pointi nne, na turbo pembeni yake. Kwa kuisimulia tu, ilikuwa injini ya kujivunia. Lakini kitabu chake kilikuwa cha Kijapani mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo tabia zake nilizijua kwa kuumia. Nilijua kwamba silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa ya aluminiamu ilhali sehemu ya chini ni chuma, na gari likichemsha mara moja tu, hedi inapinda au inapasuka. Nilijua kwamba kuna mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kabla haujakatika, maana ukikatika valvu zinagongana na pistoni na injini yote imekwisha. Ubadilishwe lini? Hakuna ajuaye, kwa sababu kilomita za gari la mtumba zimeshachezewa. Nilijua pia kwamba asubuhi za Juni, baridi ya Dodoma ikikaza, zile plagi za kupashia injini moto zikifa mbili tu, gari haliwaki mpaka lisukumwe, na majirani zangu wa mtaa wa Ipagala wana mambo yao ya kufanya asubuhi.

Fundi wa kwanza alichomoa themostati, kile kidude kinachoongoza joto la maji ya injini, akaitupa kwenye kopo la misumari. "Mama, hii ni ya nchi za baridi. Huku haina kazi." Basi asubuhi injini ikawa haipati moto, mchana ikawa inachemsha, na hedi ikapasuka kabla mwaka haujaisha. Nilipomrudia akaniambia niliendesha vibaya. Sikumpiga, na mpaka leo nashangaa kwa nini.

Fundi wa pili, aliyeweka hedi nyingine, ndiye aliyenieleza habari ya turbo.

"Mama, hii inazungushwa na moshi wa eksozi, na kasi yake si ya mchezo. Oili ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Ukitoka safari ukazima papo hapo, oili inasimama wakati turbo bado ya moto. Inaungulia mle ndani kama mafuta kwenye kikaango. Ukifika, tulia. Liache lingurume dakika mbili tatu, ndipo uzime."

Sharti jepesi kabisa. Nililielewa mimi, akalielewa mume wangu aliyekuwa amesimama pale. Ila kulikuwa na baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mkulima na mfugaji huko Mlali, wilaya ya Kongwa. Mzee mrefu, mkavu, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumwacha. Wake za shemeji zangu, waliozaliwa vijiji vya jirani, aliwaita "mwanangu". Mimi niliyetoka Lushoto aliniita "mgeni". Nilikuwa nimeshamzalia wajukuu, nimeshapalilia mtama wake jua likinichoma mgongo, na bado ni "Karibu, mgeni", "Marahaba, mgeni". Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma zaidi. Anayekutukana utamjibu, anayekukaribisha utamjibu nini? Nilichotaka kwa mzee yule ni lile neno moja tu alilowapa wenzangu. Nilidhani gari litanisaidia, kwa kuwa sasa tungeweza kwenda kumwona mara kwa mara, si kusubiri Krismasi na Pasaka.

Kutoka Dodoma hadi Pandambili ni lami, na pale gari lilikuwa raha tupu. Ukikanyaga mafuta unaisikia turbo inapiga mluzi, na malori yanabaki nyuma na moshi wake. Baada ya Pandambili tunaacha lami, na huko ni mchanga na makorongo, gia ya pili, injini inajikaza kwa nguvu zake zote mpaka kwenye uzio wa miiba wa mzee. Yaani turbo inafika pale ikiwa ya moto kuliko ilivyokuwa njia nzima. Na hapo hapo kwenye uzio mzee amesimama, ameshaambiwa na wajukuu kwamba gari linakuja. Hakuwahi kutupokea akiwa ameketi.

Siku ya kwanza nilifuata maagizo ya fundi. Nilibaki kwenye usukani, injini inanguruma, nikamwinamishia mzee kichwa kupitia dirishani. Alingoja kidogo. Kisha akageuka, akaingia ndani.

"Umemsalimia baba umeketi," mume wangu alisema, kana kwamba fundi alikuwa amezungumza na mimi peke yangu.

Safari iliyofuata nikajifanya mjanja. Nilivuta hendibreki, nikaliacha gari lingurume, nikashuka na kupiga goti. "Shikamoo, baba." Hakusikia. Ile dizeli ilikuwa inagonga kama mashine ya kusaga. Nikarudia kwa kupayuka, na shikamoo ya kupayuka haina adabu yoyote. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Mgeni anaondoka?"

Kwake, mtu aliyeacha gari linanguruma hajafika, anapita njia tu. Nilirudi kwenye gari, nikazungusha ufunguo, nikazima, nikaenda kupiga goti upya.

Tangu hapo nikawa nazima papo hapo. Nafika, nazima, nashuka, nasalimia, na moyoni naisikia ile oili inaungua. Njiani kurudi nilimsihi mume wangu.

"Mwambie baba."

"Nimwambie nini? Asubiri gari?"

"Mwambie chombo kinaharibika."

"Mtu mzima haambiwi asubiri chombo."

Mwalimu wa fizikia huyo! Mtu aliyekuwa anasimama mbele ya darasa kila juma kufundisha joto, chaki mkononi. Mimi mwenyewe sikuweza kusema. Mkwe atamfundisha vipi baba mkwe namna ya kupokea wageni? Ilikuwa kazi ya mwanawe, na mwanawe aliona aibu. Nilikasirika mpaka nikachoka kukasirika, halafu nikaanza tena.

Injini ilianza kula oili. Nilikuwa naongeza kila safari, na asubuhi moshi wa bluu unatanda uani mpaka jirani anaanua nguo zake. Ule mluzi mzuri ukageuka kelele ya chuma. Halafu siku moja, tukitoka Mlali, hatujafika hata Mbande, kelele ikakatika ghafla, nguvu zikaisha, na moshi mzito ukafunika barabara hata lori lililokuwa nyuma yetu likasimama. Tulivutwa kwa kamba hadi Dodoma.

Fundi aliifungua turbo mbele yetu. Mhimili wake ulikuwa unachezacheza, na ndani oili imeganda kuwa makaa.

"Mama, ulikuwa unazima ghafla?"

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama ardhi.

Dodoma nzima haikuwa na turbo ya kufaa, na iliyopatikana Dar es Salaam ilikuwa mbovu kuliko yangu. Fundi akakata kipande cha bati nene, akaziba njia ya oili, akaunga mabomba, na ile turbo akaitia kwenye gunia. Gari lilitembea, ndiyo, lakini mlimani malori niliyokuwa nayapita sasa yalinipita mimi, madereva wake wanasoma lile neno ubavuni na kucheka.

Siku hiyo nilimwambia mume wangu kwamba safari ijayo atakwenda Mlali peke yake, kwa basi, na asirudi mpaka awe amemwambia baba yake. Akaenda. Aliporudi nilikuwa jikoni.

"Nimemwambia," alisema. "Ameshangaa. Amesema kumbe linachoka? Hata ng'ombe akifunguliwa kwenye plau anaachwa kwanza apumue. Halafu akaniuliza, mbona hamkusema?"

Mbona hamkusema! Nilisimama na maneno hayo mpaka wali ukaungua. Mzee hakuwa na shida yoyote ya kungoja. Tulikuwa tumemwonea aibu ambayo mwenyewe hakuwa nayo, na turbo nzima ikateketea kwa ajili hiyo.

"Na ulimwambia kwamba imeshatolewa?"

"Hapo sikufika."

Tulikwenda tena wakati wa mavuno. Gari lilijikokota kwenye mchanga kwa gia ya kwanza, na mzee alikuwa kwenye uzio kama kawaida. Nikashika ufunguo nizime. Akainua kiganja: ngoja. Wajukuu walitaka kukimbilia gari, akawazuia kwa fimbo. Mume wangu akafungua mlango, mzee akamwamuru akae. Kisha akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti, na kwa kuwa masikio hayakumsaidia, akausikiliza mtetemo kwa mkono. Watu wote wa boma walisimama kimya wakingoja gari langu lipumzike.

Na hapakuwa na cha kupumzisha. Turbo ilikuwa Dodoma ndani ya gunia. Ningeweza kuzima hata kabla ya kufika uzioni, na dizeli ilikuwa inateketea bure.

"Mwambie," mume wangu akaninong'oneza.

"Mwambie wewe," nikamjibu.

Hakuna aliyesema. Vumbi lilitua. Mzee akaondoa mkono kwenye boneti, akainama dirishani, na kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe akasema, "Zima sasa, mwanangu. Limepumua."

Nikazima. Pakawa kimya kabisa, na shikamoo yangu aliisikia bila mimi kuirudia.

Gari lile lilinilaza gereji mara nyingi baada ya hapo, na sikuwahi kuacha kulilalamikia mpaka nilipoliuza. Lakini kila tulipofika Mlali nililiacha lingurume, mzee akiwa ameweka mkono kwenye boneti, na dizeli ile peke yake sikuwahi kuilalamikia.