Bi Mwajabu na Ibara ya Kumi na Tatu

Bi Mwajabu wa Zinga alikuwa mjane, mkulima wa mihogo, na msomaji mzuri kuliko watu walivyomdhania. Mheshimiwa mmoja alipojenga uzio ndani ya shamba la mjane huyo, Bi Mwajabu alikwenda kushtaki kwenye baraza la ardhi. Siku tatu aliketi kwenye benchi akiambiwa asubiri. Siku ya nne mheshimiwa akaja, akaingia kwa mlango wa nyuma, na chai ikapelekwa ndani.

Bi Mwajabu akamwendea karani. "Mwanangu, Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya kumi na tatu."

"Ni kweli kabisa, mama," karani akajibu kwa adabu. "Ila mheshimiwa amepita nyuma."

Benchi zima likacheka. Yeye alijifunga khanga kiunoni, akazunguka jengo, akaingia kwa mlango uleule na kuketi kando ya mheshimiwa.

"Sasa tuko sawa," akasema, akajimiminia chai.

Mwenyekiti wa baraza alibabaika, akafungua faili. Kesho yake mlango ule ulibandikwa tangazo: "Wananchi wote ni sawa. Wapite mbele." Lakini wapimaji walishatumwa shambani, na uzio ukarudishwa hatua kumi na nne.