Siku Niliyong'oa Lango la Zizi la Mzee Masanja

Aibu hii nimeificha miaka mingi sana, wanangu wenyewe wamekuja kuisikia wakiwa watu wazima, tena kwa mdomo wa mtu mwingine, arusini, katikati ya biriani, nikabaki natazama sahani yangu kama mtu aliyeona nywele. Kwa hiyo leo naisema mwenyewe, yote, maana wengine wakiisema huongeza chumvi na hii haihitaji chumvi: mimi, Tatu binti Saidi, mtoto wa muuza vitambaa wa Kahama, niliwahi kuwafungulia watu ng'ombe wao karibu mia mbili, mchana kweupe, wenyewe wakitazama, na chanzo chake ni viatu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo na wakanipangia palepale nyumbani Kahama (baba alifurahi, mimi nilitaka Arusha). Vijijini walimzoea bwana mifugo, sasa wakaletewa bwana mifugo wa kike, hawakujua waniite nani, basi wengine wakaniita hivyohivyo, Bwana Mifugo, na mimi nikawa naitikia, ningefanya nini?

Ofisini tulikuwa na Landrova mbili. Moja ilikuwa vilevile kama ilivyotoka kiwandani, haikuongezwa hata msumari. Ya pili tuliachiwa na wapima miamba waliokuwa wakitafuta dhahabu upande wa Geita, nao walikuwa wameigeuza kabisa: matairi mapana, springi zimeongezwa mpaka kupanda kwake unatafuta pa kushika, bomba la moshi limepandishwa juu ya paa ili ipite majini, na mbele kwenye bampa winchi ina waya wake wa chuma umezungushwa, ukikwama unaufunga mahali na gari linajivuta lenyewe. Makarani wakazipa majina. Ile ya kwanza wakaiita Bi Mkubwa, na hii Bi Mdogo, kwa kuwa alikuja baadaye, amejipamba, na kila mtu akawa anamtaka yeye.

Aliyenifundisha kuendesha ni Mzee Ramadhani, dereva wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa Ujiji, mpole, kofia haimtoki kichwani. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu nahangaika kungoja gari siku zote, akasema, "Binti Saidi, njoo asubuhi kabla ya kazi." Akanifundisha kwa Bi Mkubwa peke yake. Kila tukifika penye tope au kijito anazima injini, anavua viatu, na mimi navua, tunashuka tunapita kwa miguu na fimbo, tunapima, tunarudi, ndipo anasema haya, tia gia ya kuvutia magurudumu yote manne, sasa hivi, usingoje uzame, na ukishaingia usiguse klachi wala usikanyage mafuta kwa hasira. Wiki ya kwanza niliona ana hekima. Wiki ya nane nilikuwa nimechoka kutembea kwenye matope na mtu mwenye gari!

"Mzee," nikamwambia siku moja, "mbona Bi Mdogo hunipi? Yule si anapita popote?"

"Bi Mkubwa akikataa anakataa mapema," akasema. "Yule mwingine anakubali kila kitu." Nikaona ni mambo ya wazee.

Sasa ikaja siku ya kuchanja ng'ombe kijiji kimoja njia ya Masumbwe. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umesikika si mbali, na kule watu wanakumbuka hadithi za babu zao waliopoteza zizi zima kwa wiki moja, kwa hiyo walikuwa wamekusanya mifugo ya kaya zote katika zizi la Mzee Masanja, lililokuwa kubwa kuliko yote pale, tangu alfajiri. Dawa ile ikishapata joto basi tena, haifai, lazima iishe barafu ingali ipo. Mzee Ramadhani akapanga: mimi nitangulie na Bi Mkubwa na sanduku la barafu, safari yangu ya kwanza peke yangu, yeye afuate na Bi Mdogo akibeba pipa la petroli. Akaenda kunywa chai.

Nami siku hiyo nilikuwa nimevaa raizoni. Mnaikumbuka raizoni? Soli nene kama tofali, rangi ya maziwa na kahawia, nilizitoa Mwanza, na suruali ya bugaluu inayofagia chini. (Kwenda kuchanja ng'ombe! Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nisameheni.) Nikatazama Bi Mkubwa, nikatazama Bi Mdogo, nikawaza nitakavyoshuka mbele ya wanaume wote wale kutoka kwenye gari refu lile, basi nikahamisha sanduku, nikachukua ufunguo ukutani, nikaondoka kabla chai ya watu haijapoa.

Njiani raha tupu. Mashimo ambayo Bi Mkubwa anayalilia, huyu hayasikii. Nikaimba. Nikafika kwenye ile mbuga ya udongo mweusi iliyo mbele ya kijiji, mvua imenyesha usiku, na ng'ambo naliona zizi, naona watu wamesimama wamejipanga, na wameniona. Njia ya kawaida huzunguka juu, kwenye kichanga. Mbele yangu kuna mkato. Nikasema nishuke nipime kwa miguu? Na raizoni? Nikakanyaga mafuta.

Kwa kweli Bi Mdogo alijitahidi. Bi Mkubwa angekwama mita kumi za mwanzo, ningemrudisha nyuma yakaisha. Huyu alinichukua akanipeleka katikati kabisa, mahali ambapo hata kunguru hatui, ndipo matairi yale mapana yakaanza kuchimba, na mimi nikazidi kukanyaga, tope linaruka mpaka juu ya paa, na gari likakaa chini kwa tumbo lake, likatulia kama kuku anayeatamia.

Mzee Masanja akaja ukingoni na fimbo yake. Nikamwamkia kupitia dirishani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," akaitikia, yaani mama kwa Kisukuma. "Umekwama?"

"Hapana baba, naweka sawa."

(Naweka sawa! Milango haifunguki!) Nikatokea dirishani, raizoni ya kushoto ikabaki kwenye tope palepale, ya kulia ikafuata hatua ya pili, nikavuta waya wa winchi mpaka nchi kavu, natafuta pa kuufunga. Mti hakuna. Kilichokuwepo ni gogo moja nene zuri limesimama, nikalizungushia ndoano.

"Mwanangu," Mzee Masanja akasema polepole, "hilo ndilo linaloshika lango."

"Baba, hii ni mitambo. Usiwe na wasiwasi."

Maneno hayo, jamani, nikiyakumbuka hata leo nikiwa peke yangu jikoni nafumba macho. Nikarudi garini, nikawasha, nikaingiza winchi. Waya ukakaza ukalia kama zeze. Gari halikusogea hata inchi moja. Gogo ndilo likaanza kunijia, likainama taratibu kama mtu anayetoa heshima, likang'oka na lango lake na upande mzima wa boma la miiba, likaja linaburuzwa kwenye tope kunielekea, na nyuma yake ng'ombe.

Sijui mmewahi kuona ng'ombe mia mbili wakigundua kuwa hakuna lango. Walipita kushoto na kulia kwangu, mimi nimepanda juu ya boneti miguu mitupu, bugaluu nimeishika kwa mikono miwili, nalia, na wanaume wanapiga kelele kwa Kisukuma maneno ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa yote. Wakaingia kwenye karanga za Mama Kabula, mke wa Mzee Masanja. Wengine wakaelekea msituni. Mzee Masanja hakupiga kelele. Alinitazama akauliza, "Sasa nani atawarudisha?" Na barafu ilikuwa inayeyuka.

Hapo ndipo Mzee Ramadhani akatokea, na Bi Mkubwa, kwa njia ile ya juu, mwendo wa pole. Akasimama. Akatazama gari, akatazama gogo, akanitazama mimi juu ya boneti. Nikajua ajira yangu imekwisha. Akauliza neno moja tu.

"Dawa iko wapi?"

"Ndani, Mzee."

Akavua viatu, akaingia kwenye tope mpaka magotini, akalitoa sanduku dirishani, akaliweka kichwani na kulipeleka kivulini, akafunika na gunia lililoloweshwa maji. Kisha akageukia watu. "Ndugu zangu, mtatukana kesho, na mimi nitakuja kusikiliza. Leo barafu hii itadumu saa tatu tu. Tukikasirika sasa, sotoka haitatusubiri."

Hapo Mama Kabula (karanga zake zimelazwa chini zote, nasema zote) akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, akaja akanishusha kwenye boneti, akanifunga kitenge chake juu ya ile suruali, akasema, "Mayu, twende. Ng'ombe wanajua sauti za kwao." Na kweli. Kila kaya ikaita wake kwa miluzi na majina, wanawake wakaziba lango kwa miili yao wameshikana mikono, na mimi katikati yao nimeshikana mikono na mwanamke niliyemharibia shamba, na kwa kadiri walivyorudi ndivyo tulivyochanja, mpaka chupa ya mwisho ikaisha barafu imebaki kama kokoto. Waliokosa ni kumi na moja. Niliwafuata wiki iliyofuata, mmoja mmoja.

Bi Mdogo alitolewa na maksai. Jozi nne za Mzee Masanja, mnyororo nyuma. Mzee Ramadhani akapunguza upepo kwenye matairi, akachimba nyuma ya kila gurudumu, kisha badala ya kupanda akanionyesha dirisha.

"Panda. Aliyemwingiza ndiye atakayemtoa."

"Mzee, watu wananitazama."

"Ndiyo."

Nikapanda miguu mitupu, na nitawaambia ukweli, siku ile ndiyo nilijifunza klachi, niliisikia kwa unyayo kama kitu chenye uhai, nikaiachia taratibu, gia ya nyuma, mafuta kidogo, ng'ombe wakavuta, na tope likatema gari. Watu wakapiga makofi. Mzee Masanja akasema "wabeja," asante, lakini nadhani alikuwa anawaambia maksai.

Jumapili nilirudi na Bi Mkubwa nimebeba gogo jipya. Mzee Masanja alinipa jembe, tukachimba shimo pamoja bila maneno mengi, na Mama Kabula akatuletea karanga za kuchemsha, zile zilizopona.

Tangu siku hiyo sijaingiza gari kwenye maji wala tope bila kushuka na kupita kwa miguu, hata magari ya wanangu haya ya siku hizi yenye vifungo kama redio, wanalalamika, mimi nafungua mlango nashuka. Naapa nitaendelea hivyo mpaka nizikwe.

Ofisini hakuna aliyejua. Kwenye daftari la safari Mzee Ramadhani aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: barabara mbaya, kazi imekamilika. Alipostaafu nikamuuliza kwa nini hakunisema kwa mkubwa wetu. Alikuwa anafunga mizigo yake, hata hakugeuka.

"Ningekusema wangekurudisha mezani, uandike barua," akasema. "Na mimi nilikuwa nimeshapata dereva."

Mungu amrehemu.