Siku ya Kupimwa Uwe Mnene

Nilimfunga mwanangu risasi kiunoni, nikampeleka kwa nesi.

Tulieni kwanza. Sio risasi za bunduki. Ni chubwi, zile za kuzamishia ndoano, nilizorithi kwa marehemu baba. Ratili nne na nusu, nimezishona kwa mkono wangu mwenyewe kwenye mkanda wa kitambaa.

Naitwa Vernita. Nakaa Tarver, kimji cha Delta ya Misisipi, mashamba kila upande na nyanya ya kununua huioni. Kazi yangu ni kuchuna kambare kiwandani, saa kumi kwa siku nimesimama. Leo nasema yote, maana binti yangu mwenyewe kaniruhusu.

Ilianza na barua ya shule.

"Mzazi mpendwa, uzito wa Ladaisha umeingia eneo jekundu. Tafadhali punguza chakula nyumbani."

Niliisoma mbele ya friji iliyo wazi. Ndani kulikuwa na chupa ya haradali na taa.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sasa nipunguze kipi, taa?

Najua mnachojiuliza. Mtoto mnene, njaa inatoka wapi? Hata dada mmoja wa kanisani aliwahi kunichana: "Vernita, kwani nyie huwa mnajifungia ndani mnakula?"

Iko hivi. Kadi ya chakula ya serikali ikijazwa mwanzo wa mwezi, nyumba nzima tunakula bata. Ladaisha, sisi tunamwita Daisha, anakula mpaka anapumua kwa shida, kwa sababu anajua kinachokuja. Ikifika tarehe ishirini, kadi imeshakufa. Hapo ni tambi za dakika tatu, krispi na juisi ya unga kutoka kiduka cha jirani, maana ndivyo vinavyojaza tumbo haraka. Supamaketi ya kweli iko maili thelathini, na gari langu ni la kuombewa.

Wiki iliyofuata tukaitwa ukumbi wa kanisa. Alikuwepo nesi wa kaunti, Bi. Hargrove, mama mmoja mkavu, miwani puani. Pembeni yake mtaalamu kutoka jijini Jackson, Bwana Pruitt, na tai yake.

Mradi mpya, wakasema. Kila mtoto wa eneo jekundu atapewa sanduku kila Alhamisi: kuku, mayai, maharage, sukuma, machungwa, maziwa. Na kila mwezi atapimwa.

"Na watoto wembamba?" baba mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Wembamba hawana tatizo," akajibu Pruitt.

Baba wa watu ana mapacha mbavu nje. Akachukua kofia yake akaondoka, amenuna.

Jamani, lile sanduku!

Alhamisi ya kwanza nilipika sukuma, nikakaanga kuku, nikaoka mkate wa mahindi. Daisha akala. Alhamisi ya tatu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Akabakiza chakula kwenye sahani.

"Vipi, unaumwa?"

"Hapana, nimeshiba. Si Alhamisi lipo lingine?"

Nikageuka nikajifanya naosha sufuria. Nililia kweli kweli. Mtoto ana miaka tisa, na ndiyo kwanza anajua kwamba mtu unaweza kubakiza.

Miezi miwili, ameshuka ratili tano.

"Hongera!" Bi. Hargrove akanipa mkono. "Akishuka kidogo tena, anahitimu."

"Akihitimu anapata nini?"

"Cheti."

"Na sanduku?"

Pruitt akadakia: "Sanduku linaenda kwa mwenye shida."

Yaani mtoto akipona, dawa inaondolewa.

Kesho yake kazini nikamsimulia Earnestine, tunayechuna naye meza moja.

"Shoga, wewe umelala," akaniambia, kisu hakisimami. "Antwan wangu hajashuka hata ratili moja."

"Anakula nini?"

"Sukuma, kama wako. Ila siku ya kupimwa anavaa suruali mbili, na katikati ya suruali kuna nati za trekta."

Nikamtazama. Akanikonyeza.

Jioni hiyo hiyo nikatoa boksi la uvuvi la baba.

"Tembea," nikamwambia Daisha. "Taratibu. Usijitingishe, chubwi zinalia."

"Mama, kwani unataka niwe mnene au mwembamba?"

"Siku ya kupimwa uwe mnene. Siku nyingine uwe mzima."

"Na shuleni wakiendelea kuniita boga?"

"Waambie boga lina vitamini."

Hakucheka. Mimi nikaendelea kushona.

Siku ya kupimwa ikafika, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Foleni nzima ya watoto inatembea kama wazee waliotoka kufanyiwa upasuaji. Hakuna anayekimbia wala anayeinama.

Antwan akapanda kwenye mizani. Kling!

Earnestine akakohoa. Mtoto aliyefuata naye, kling! Mama yake akakohoa. Ghafla ukumbi mzima akina mama tunakohoa, utadhani kuna mlipuko wa ugonjwa.

Bi. Hargrove akatuangalia juu ya miwani. Akaandika. Mwezi huo hakuhitimu mtu.

Tukanogewa. Mwezi wa nne, wa tano, mambo yakazidi. Kuna mtoto alipandishwa mpaka uzito wa baba yake.

Halafu asubuhi moja namsaidia Daisha kuvaa, nikaona kiuno chake. Michubuko imezunguka mbele mpaka nyuma, kila chubwi na alama yake.

"Inauma?"

"Siku ya kupimwa tu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuionea kitu kingine. Nilitaka kuutupa ule mkanda mtoni. Lakini ilikuwa tarehe ishirini na tatu, na kwenye friji kila kitu kilikuwa kimetoka kwenye sanduku. Sikuutupa.

Mwezi wa sita Pruitt akarudi na chati kubwa ya ukutani.

"Watoto wa Tarver," akasema kwa majonzi, "wamekula mboga na matunda nusu mwaka. Na wamenenepa. Utafiti wetu unaonyesha kwamba kwa watu wa hapa, mboga zinaongeza uzito."

Hakuna aliyekohoa.

"Kwa hiyo tunasitisha masanduku. Kila mtoto atapewa kamba ya kuruka."

Akainua moja, tukaiona. Kamba ya buluu, vishikio vya plastiki.

Nikajua natakiwa kusimama niseme. Nikisema, mimi ni tapeli mbele ya kanisa zima. Nisiposema, tunarudi kwenye tambi. Earnestine alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikaona mtu anapita mbele, anatembea taratibu. Ni Daisha.

Akapanda kwenye mizani. "Nipimeni."

Bi. Hargrove akasoma uzito kwa sauti. Daisha akaingiza mkono chini ya sweta, akafungua mkanda, akauachia sakafuni. Puu!

"Nipimeni tena."

Uzito ukashuka. Pruitt akakodoa macho.

"Mimi sikunenepeshwa na mboga," Daisha akasema. "Nilinenepeshwa na babu."

Antwan akafuata, nati zikamwagika. Mwingine akatoa mnyororo wa baiskeli. Binti mmoja mdogo akachomoa pasi ya bibi yake, sijui aliiweka wapi. Lundo likafika magotini. Pruitt akawapima wote upya, tai iko begani, jasho linamtoka.

Alipomaliza, akapiga makofi peke yake.

"Wote wako eneo la kijani! Mradi umefaulu! Watoto wote wamehitimu!"

Tukarukaruka. Tukakumbatiana na Earnestine. Vyeti vikagawiwa, na majina yameandikwa vizuri.

"Kwa hiyo sanduku la Alhamisi?" nikauliza.

"La nini tena, mama? Watoto wako salama."

Akakunja chati yake, akaenda. Mradi ukifeli unafungwa, ukifaulu unafungwa. Kamba za kuruka alituachia.

Nilikuwa naokota chubwi za baba pale chini, Bi. Hargrove akaja akachuchumaa tukaokota pamoja.

"Una mkono mzuri wa sindano," akasema.

"Ulijua?"

"Vernita, mlikuwa mnapata kikohozi siku moja tu kwa mwezi. Mimi ni nesi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mngekula nini?" Akavua miwani. "Lakini na wewe, mbona hukuandika tu kwamba nyumbani chakula hakitoshi? Ningekuwa na maandishi mkononi, ningewapigania."

Nikasimama, nikachukua fomu moja mezani. Uzito wa mtoto. Urefu. Mzunguko wa kiuno. Saa anazotazama televisheni. Kama anapenda michezo.

Nikampa. "Nionyeshe pa kuandika."

Akasoma mbele. Akageuza, akasoma nyuma. Akaisoma tena tangu mwanzo, taratibu, fomu ambayo amekuwa akiijaza miezi sita. Kisha akakaa kwenye kiti cha mtoto.

Kadi ilipojazwa mwezi uliofuata, Daisha aliomba sahani ya tatu. Tumbo limeshajaa, anapumua kwa shida, lakini anaomba. Nikampakulia, kwa sababu mimi na yeye tunaijua kalenda.

Nimeandika haya kwa ajili ya wale wanaotutazama dukani halafu wanatikisa kichwa. Ukikutana na mtoto wa maskini aliyenenepa, usimuulize mama yake anampa nini. Muulize tarehe ishirini na tano watakula nini.