Mke Mwenzangu wa Chini ya Boneti

Mume wangu alipokwenda Singida mjini kununua rejeta ya pikapu yetu, alinichukua nikamshikie begi. Rejeta ya zamani ilikuwa imeliwa na chumvi. Maji ya kisima chetu hapa Ikungi yana chumvi, na yeye miaka yote alikuwa akiyamimina tu. Gari likichemsha, anaongeza mengine.

Dukani alizitoa rejeta zote nje kwenye mwanga. Akazigeuza, akapitisha kidole kwenye mapezi yake, akachungulia kuona kama mwanga unapenya hadi upande wa pili. Muuzaji, mzee wa Kihindi mwenye subira, akamwambia ya aluminiamu ni nyepesi na hupoza vizuri, ila kichwa chake cha plastiki kikipasuka umeitupa. Ya shaba ni nzito, lakini ikitoboka inachomelewa. Akachagua ya shaba, akaipakata kwenye basi hadi nyumbani. Mimi aliponiposa aliniona mara moja tu, napeta mtama, na hata uso hakuuona vizuri kwa makapi. Nikasema moyoni, haya, leo nimeletewa mke mwenza.

Fundi alipomaliza kuifunga alitoa onyo: chumvi isiiguse. Itiwe dawa ya rejeta, ichanganywe na maji ya mvua. Mvua zilipoanza, mume wangu akakinga maji ya paa la bati kwenye pipa, kisha akalitia kufuli. Kufuli! Mimi napikia maji ya kisima, maharage yanachemka tangu asubuhi na bado yanagonga sahani. Chai yangu ndiyo usiseme. Nikaomba jagi moja tu.

"Hayo ni ya rejeta, mama watoto," akasema. "Wewe chumvi haikutoboi."

Nikacheka kwa nje. Kila asubuhi, kabla hajaniuliza nimeamkaje, alifungua boneti, akatazama maji yamefika wapi, akapapasa mipira kama imelegea. Msimu wa alizeti makapi yalipojaa kwenye mapezi, aliyatoa kwa brashi laini, polepole, wala hakutaka mtu mwingine aguse. Niliona wivu, na sioni haya kusema. Mwanamke mwenzio unaweza kumvuta nywele; huyu wangu ningemvuta nini?

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Issuna na magunia ya alizeti, mpira wa rejeta ukapasuka, mvuke ukafuka. Akazima gari, akasubiri lipoe, maana mfuniko haufunguliwi ukiwa wa moto. Akafunga mpira mwingine, kisha akatoa kidumu cha maji ya mvua nyuma ya kiti. Koo langu halikuwa limekauka sana. Lakini nilitaka kujua.

"Baba watoto, nina kiu."

Akakitazama kidumu, akaitazama rejeta. Moyo ulinidunda kama wa mwari. Kisha akanipa kidumu chote. Nikanywa. Maji matamu yale, mpaka machozi yalinilenga. Nikanywa tena, na yaliyobaki nikanawa uso, na miguu pia, huku nikiikodolea macho boneti. Yeye akaenda kwenye nyumba iliyokuwa karibu kuomba maji ya kisima, akayamimina ndani huku amegeuza uso pembeni. Tulirudi nyumbani nikiimba.

Asubuhi nilimkuta chini ya pikapu, anamwaga yale ya chumvi, anasuuza kwa maji ya pipa, anamwaga tena. Nilisimama na kikombe chake cha chai. Hakuwa ameniona.

"Pole, mama," nikamsikia akisema kwa sauti ya chini. "Pole sana. Sitarudia."

Nikadhani ananiambia mimi, nikataka kuitika. Nikainama. Mkono wake ulikuwa juu ya ile shaba, anaipapasa.

Miaka yote hii ya chumvi, mimi pole ya namna ile sijawahi kuisikia. Nikarudi jikoni na chai yake, nikainywa mwenyewe.